Pambo la meza lisilokomba mfuko wa mwenye harusi

Msimu wa harusi unapowadia mjini Garissa, gharama kubwa hujulikana mapema. Ukoo hukutana, mbuzi huhesabiwa, magunia ya mchele huagizwa na kila jamaa hutajiwa mchango wake. Linalosahauliwa ni lile litakalokaa katikati ya meza.

Maua ya plastiki, vyombo vya vioo, riboni na taa ndogo hununuliwa siku mbili tatu kabla ya shughuli, wakati ambapo hakuna tena nafasi ya kulinganisha bei. Vitu hivyo hutazamwa kwa saa chache, kisha nusu yake hurejea nyumbani vikiwa vimevunjika na nusu nyingine huokotwa na watoto.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwenye harusi ya meza 25 anayetumia Sh800 kwa kila meza atakuwa ametoa Sh20,000 kwa pambo la jioni moja. Fedha hizo zingewafaa maharusi katika kuanzia maisha, na mara nyingi ni za mkopo au za mchango wa jamaa ambao nao wana mahitaji yao.

Hata hivyo, hakuna haja ya meza kubaki tupu. Galbet, ambayo ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Garissa Township pamoja na Waberi, Township na Iftin, ina karibu nayo kila kinachohitajika: majani ya mkoma kutoka kingo za Mto Tana, mabaki ya vitambaa katika vibanda vya mafundi cherehani, na wanawake waliojifunza kusuka tangu utotoni.

Joto halina urafiki na maua

Desturi ya kuweka maua mabichi katikati ya meza nchini Kenya imepata nguvu Nairobi na maeneo ya nyanda za juu ambako maua hulimwa kwa wingi. Garissa iko umbali wa takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, na joto lake la mchana hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Waridi lililosafirishwa usiku kucha hunyauka kabla wageni hawajaketi.

Maua ya plastiki hayanyauki, lakini yana taabu yake. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini Agosti 28, 2017, haikugusa mapambo ya aina hiyo. Yakitupwa hupeperushwa na upepo hadi kwenye miiba na malisho, na mfugaji yeyote anajua hasara ya mbuzi aliyemeza plastiki.

Joto huathiri hata mapambo ya kutengenezwa kwa mkono. Mshumaa uliowekwa ndani ya hema mchana huanza kupinda bila kuwashwa. Gundi inayoyeyushwa kwa moto hulainika ndani ya gari lililoegeshwa juani, na pambo likafika ukumbini likiwa vipande. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ya mapambo ya Garissa ni kwamba uzi ni bora kuliko gundi. Kilichoshonwa hakiachani.

Pambo lililo chombo

Watu wa eneo hili hawakungoja maduka ili wapambe. Mapambo yao yalikuwa vyombo vya kazi, na uzuri wake ulitokana na mkono uliovitengeneza.

Katika jamii ya Wasomali, nyumba ya kuhamahama iitwayo aqal ilijengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka waliyoisuka wenyewe. Nyumba hiyo ilibomolewa, ikapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa mahali pengine. Ndani yake mlikuwa na dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi kikawa hakivuji, kikafukizwa moshi ili maziwa yakae vizuri, na mara nyingi kikapambwa kwa ngozi na kauri.

Mlikuwa pia na dabqaad, chetezo cha kufukizia uunsi, yaani mchanganyiko wa ubani, sukari na manukato. Hadi leo chetezo hicho hakikosekani katika hafla za wanawake zinazopambwa kwa buraanbur, ushairi unaoghaniwa na wanawake kwa makofi na ngoma.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana kwa Wasomali wa kaskazini, hasa Somaliland na Djibouti. Huko mama wa bibi harusi na wenzake huandaa xeedho, chombo kilichojazwa nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa kwa samli. Chombo hicho hufunikwa, huvishwa kitambaa na kufungwa kwa kamba nyingi hadi kikawa na umbo la bibi harusi mwenyewe. Upande wa bwana harusi hutakiwa kuzifungua kamba hizo kwa ustadi, bila kuzikata, mbele ya hadhira. Xeedho ni pambo, ni mchezo na ni chakula kwa wakati mmoja.

Upande wa pili, Kaunti ya Garissa inapakana na Lamu, ambako Waswahili hufunika sinia la chakula kwa kawa, kifuniko cha ukili kilichochongoka juu na kutiwa rangi. Kawa huzuia inzi na vumbi, na wakati huohuo huifanya meza ipendeze kabla chakula hakijaonekana.

Mila hizi mbili zinafundisha jambo moja. Pambo rahisi kuliko yote ni lile ambalo baada ya sherehe lina kazi nyingine nyumbani. Sahani ya ukili iliyokaa katikati ya meza siku ya harusi itabeba tende mwezi wa Ramadhani, na gharama yake itakuwa imegawanywa kwa miaka kadhaa badala ya jioni moja.

Katikati ni mahali pa sinia

Kabla ya kuanza kazi, mpambaji sharti ajiulize wageni watakula vipi. Katika harusi nyingi za Garissa, chakula huletwa kwa sinia na watu hula pamoja, wawe wameketi mezani au kwenye mkeka. Katikati ni mahali pa sinia. Pambo kubwa lililopachikwa hapo litaondolewa kwa haraka na wahudumu na kutupwa chini ya meza.

Njia za kuepuka hali hiyo ni tatu. Ya kwanza ni kutengeneza pambo linaloinuliwa kwa mkono mmoja, likiwa limekaa juu ya sahani yake. Ya pili ni kutumia kawa, ambalo huja pamoja na sinia. Ya tatu ni kuweka pambo linaloliwa.

Hilo la mwisho ni jepesi hapa kuliko wengi wanavyodhani. Mashamba ya kandokando ya Mto Tana hutoa ndizi, maembe, ndimu na matikiti. Sahani pana ya ukili yenye ndimu mbichi, maembe mawili na tende katikati ina rangi za kutosha, na mwisho wa shughuli hakuna cha kutupa.

Kimo nacho kina umuhimu. Wageni walioketi wanataka kuonana nyuso. Pambo lisizidi sentimita 30 kutoka juu ya meza, au liwe jembamba kiasi cha kutomziba mtu. Kwa wanaoketi mkekani, kimo hicho kipunguzwe kwa nusu.

Sahani ya kusuka

Malighafi ya msingi ni miyaa, yaani majani ya mkoma yaliyochanwa na kukaushwa. Mikoma hustawi kandokando ya Tana. Anayekata hana budi kuchukua jani changa moja tu kutoka kwa kila shina na kuacha kiini salama, kwa kuwa shina lililonyang'anywa kiini chake hufa. Wasiotaka kwenda mtoni hununua miyaa au kamba ya katani sokoni.

Jani huchanwa vipande vyembamba, huanikwa juani hadi yageuke rangi ya krimu, kisha huhifadhiwa. Siku ya kusuka hulowekwa majini kwa muda ili yalainike, la sivyo yatakatika kwenye kunjo.

Anayetaka rangi huchemsha maji pamoja na rangi ya unga ya kutilia ukili, akayatumbukiza majani na kuyageuza mpaka yashike. Huyasuuza kwa maji baridi hadi maji yatoke safi, ndipo akayaanika kivulini. Jua kali hupausha rangi, na majani yasiyosuuzwa vizuri yatachafua kitambaa cheupe cha meza.

Njia nyepesi kwa anayeanza ni ya kuzungusha na kushona. Kwanza hukusanywa fungu la nyasi kavu au mabaki ya miyaa lenye unene wa penseli. Ncha yake hupunguzwa ikawa nyembamba, huviringiwa jani lililochanwa kwa urefu wa sentimita tano hivi, kisha hukunjwa kuwa kitovu kidogo kilichokaza na kushonwa katikati.

Baada ya hapo fungu huendelea kuzungushwa kando ya kitovu, huku jani likiviringwa na kila baada ya mizunguko michache sindano nene ikipitishwa chini ya mstari uliotangulia. Fungu likianza kupungua, nyasi mpya huchomekwa katikati ya zile za zamani, kwa ndani, ili kiungo kisionekane.

Kwa sahani bapa, kila mstari hukaa ubavuni mwa mwingine. Kwa bakuli, mstari mpya huwekwa juu ya uliotangulia na ukuta ukaanza kupanda. Sahani ya upana wa sentimita 30 inatosha meza ya watu wanane.

Kosa la kawaida ni kuvuta uzi kupita kiasi, na hapo sahani hujikunja kama kofia. Dawa yake ni kuinyunyizia maji, kuilaza mahali tambarare na kuiwekea uzito usiku mzima. Anayejifunza hutumia siku kadhaa kwa sahani ya kwanza, kwa hivyo kazi hii haifai kuachwa hadi juma la harusi.

Maua ya vitambaa

Vibanda vya kushona vya Garissa hutoa mabaki mengi ya vitambaa vyepesi vinavyotumika kushonea dirac na garbasaar. Fundi akiombwa mapema atawekea mteja wake mfuko wa vipande hivyo badala ya kuvitupa.

Ua moja huhitaji miduara mitano: miwili ya upana wa sentimita 10, miwili ya sentimita 8 na mmoja wa sentimita 6. Miduara hupangwa mkubwa chini na mdogo juu, ikashikwa kwa mishono miwili mitatu katikati, na juu yake hushonwa shanga au kifungo cha nguo ya zamani. Kila duara hukunjwa kidogo kwa vidole ili ua lifunguke.

Vitambaa vya nailoni hufumuka ukingoni. Mafundi huvipitisha karibu na mwali wa mshumaa ili ukingo uyeyuke na kuganda. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima, mbali na rundo la vitambaa, na ndoo ya maji ikiwa karibu. Anayehofia moto atumie pamba au akunje ukingo na kuushona.

Rangi mbili zinatosha kwa ukumbi mzima. Rangi zikizidi hapo, mapambo ya meza huanza kushindana na mavazi ya wageni, na katika harusi ya Kisomali mavazi ndiyo yenye haki ya kung'aa.

Makopo, mchanga na mathenge

Kopo tupu la maziwa ya unga ni msingi mzuri wa pambo jembamba. Ukingo wake hugongwa kwa nyundo ili usikate mtu, ndani hutiwa mchanga hadi theluthi moja, na nje huviringwa kamba ya katani kuanzia chini. Mchanga hulipa kopo uzito, jambo la lazima katika hema linalopigwa na upepo.

Mwanzo na mwisho wa kamba hubandikwa kwa uji wa unga. Kipimo kimoja cha unga wa ngano huvurugwa katika vipimo vinne vya maji baridi, kisha hupikwa kwa moto mdogo huku ukikorogwa hadi uwe mzito. Katika joto la Garissa uji huo huchacha baada ya siku moja au mbili, kwa hivyo upikwe kidogo kidogo. Kamba ikishakauka, ncha zake zishonwe pia.

Ndani ya kopo husimamishwa matawi makavu. Hapa ndipo mathenge, mti unaolaumiwa kwa kuvamia malisho, unapoweza kutoa faida ndogo. Mti huo, ujulikanao kitaalamu kama Prosopis juliflora, uliletwa ili kuzuia ardhi isigeuke jangwa, lakini ukaenea hadi ukawa kero kwa wafugaji wa maeneo kame. Kukata matawi yake hakumdhulumu mtu.

Tahadhari ni mbili. Miiba yake huchoma vibaya, hivyo glavu nene na kisu vinahitajika ili kuiondoa yote kabla tawi halijaingia ukumbini. Aidha, maganda yake ya njano yasitumiwe kama pambo. Mifugo huyapenda kwa utamu wake, na mbegu hupita tumboni na kuota mahali papya pamoja na samadi. Pambo lililotupwa nje ya hema linaweza kupanda mathenge pale ambapo hayakuwapo.

Ubani mezani

Chetezo chenye makaa kisikae juu ya meza yenye ukili, matawi makavu na vitambaa. Cheche moja inatosha kuteketeza hema. Mahali pake ni kwenye sinia la chuma lenye mchanga, mlangoni au pembeni, chini ya uangalizi wa mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo.

Kwa meza, kibakuli cha ubani na manemane usiochomwa kinatosha. Kaskazini mwa Kenya ni nyumbani kwa miti inayotoa utomvu huo, na vipande vyake vyenye rangi ya kaharabu hupendeza vikiwa juu ya mchanga mweupe. Kibakuli kiwe mbali na watoto wadogo ambao huweza kudhani ni peremende.

Rahisi kwa nani?

Suala moja aghalabu huachwa nje ya hesabu za namna hii, nalo ni ujira wa msukaji. Pambo linaweza kuwa rahisi kwa sababu malighafi yake ni ya karibu, au kwa sababu bibi mmoja amefanya kazi ya siku tano bila malipo. Hali hizo mbili si sawa.

Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, uliofuatia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, uliangamiza mifugo na kuzisukuma familia nyingi za wafugaji kuelekea mijini. Wanawake waliofika mjini bila ngamia wala mbuzi walifika na ujuzi wa kusuka. Katika nyumba ya mabati, ujuzi huo hauna tena kazi ya kila siku: maziwa huwekwa katika mtungi wa plastiki, na hakuna aqal ya kusukia mikeka.

Ustadi usiotumika hudumu kizazi kimoja tu. Binti ambaye hakumwona mama yake akisuka dhiil hataweza kuufundisha mkono wake kwa maelezo matupu. Ndiyo maana harusi, ambayo hukusanya wanawake wa rika zote kwa majuma kadhaa ya maandalizi, ni nafasi adimu ya vijana kuketi karibu na wanaojua.

Mpango wa haki ni kuigawa kazi. Wasichana wa familia watengeneze maua ya vitambaa na makopo, ambayo hayahitaji uzoefu. Sahani na makawa yaagizwe kwa msukaji miezi miwili kabla, kwa bei iliyokubaliwa na malipo ya awali ya kununulia miyaa. Vyombo hivyo vinaweza kumilikiwa na chama cha akina mama au ukoo na kuazimwa kutoka harusi moja hadi nyingine, huku kila anayeviazima akichangia kidogo kwa ukarabati.

Tukirejea mfano wa meza 25, Sh20,000 zile zile zikitolewa kwa msukaji badala ya kununulia plastiki hazitapotea jioni moja. Harusi ya pili haitagharimu chochote ila marekebisho, na ya tatu vivyo hivyo. Fedha zenyewe zitakuwa zimebaki Galbet, mikononi mwa mtu anayezihitaji.

Kipya kinyemi, na maua yanayometameta dukani yataendelea kuwavutia wengi. Lakini wahenga waliozoea kuketi juu ya mikeka waliliona jambo hili zamani, wakaonya: usiache mbachao kwa msala upitao.